Faili hazitumwi usiku: "Host key verification failed", lakini nikiendesha kwa mkono zinaenda

Kapu_la_Data
Wakuu heshima zenu. Nina skripti inayotuma faili za mauzo kutoka tawi letu la Mwanza kwenda seva ya makao makuu Dar, kila siku saa 6 usiku, kwa sftp (njia salama ya kutuma faili) kupitia cron (programu inayoendesha kazi kwa saa iliyopangwa). Imepiga kazi miezi bila kelele. Tangu Jumatatu haitumi kitu. Logi inasema:

`Host key verification failed.`

Cha ajabu, mchana nikiendesha mwenyewe faili zinaenda. Nimetengeneza ufunguo mpya nikaupandisha kwenye seva, hola. Bosi anataka ripoti saa 2 asubuhi. Naombeni msaada.

Kipanga
Mkuu mbona ndogo hiyo. Weka `-o StrictHostKeyChecking=no`, iache kuhakiki seva, ukalale. Mimi ndo natumia miaka yote.

Mama_Seva
Kipanga, kalale wewe. Hiyo ni kumwambia mlinzi amfungulie geti yeyote anayepiga honi.

Kapu, ufunguo wako haukuwa na kosa. Ule ni wa wewe kujitambulisha kwa seva. Kilichogoma ni seva kujitambulisha kwako: ssh, ambayo ndiyo inayobeba sftp, inalinganisha ufunguo wa seva na ule iliouhifadhi kwenye faili la known_hosts, usipofanana inakata. Na kila mtumiaji ana known_hosts yake. Sasa niambie, cron inaendeshwa kwa jina la nani? Na juu ya huo mstari kuna nini? Usituletee mkia wa ng'ombe halafu tukutajie rangi yake.

Kapu_la_Data
Samahani dada, nilikuwa nasoma mistari ya mwisho tu ya logi. Juu kuna `WARNING: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!` (utambulisho wa seva umebadilika) na @ kibao. Cron ni ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, aliiweka jamaa aliyekuwepo kabla yangu. Halafu nimekumbuka, Jumapili Dar walibadilisha mashine. Jumatatu ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia kwa jina langu, ikauliza yes au no, nikaandika yes.

Mama_Seva
Basi ndiyo hiyo. Root bado anaikumbuka mashine ya zamani. Na hiyo yes uliandika bila kuangalia, najua.

Mpigie mtu aliyekaa mbele ya mashine yenyewe Dar, aendeshe:

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

akusomee herufi zinazofuata SHA256, ndiyo alama ya kidole ya ufunguo wa seva. Wewe huko Mwanza, vuta ufunguo unaotolewa na seva kisha usome alama yake (penye `seva` weka jina la seva yenu):

`ssh-keyscan -t ed25519 seva > /tmp/mpya`
`ssh-keygen -lf /tmp/mpya`

Zikilingana herufi kwa herufi, futa wa zamani kwa `sudo ssh-keygen -R seva`, kisha ongeza yaliyomo kwenye /tmp/mpya mwishoni mwa faili la /root/.ssh/known_hosts. Zisipolingana usitume hata faili moja.

Nangurukuru
Akiweka `StrictHostKeyChecking=accept-new` badala ya `no` je?

Mama_Seva
Haimsaidii. Hiyo imekuja na OpenSSH 7.6, inapokea seva ambayo haijawahi kuiona, ila iliyobadilika inaikataa vilevile. Machi 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi za programu, walibadilisha ufunguo wa seva yao wa aina ya RSA baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi. Skripti zilizokwama siku ile zilikwama kwa haki. Yenye `no` ya Kipanga ingepita tu.

Kapu_la_Data
Mrejesho. `-R` ilidai haimwoni huyo seva. Kumbe sisi tunatumia poti 2222, na kwenye known_hosts imeandikwa kwa mabano, hivyo ikawa `sudo ssh-keygen -R '[seva]:2222'`, na keyscan nikaiongezea `-p 2222`. Jamaa wa Dar alinisomea kwa simu, tukarudia mara mbili maana l ndogo na I kubwa zilitaka kutugombanisha. Jana saa 6 usiku faili zimeenda zote.

Kipanga
Kwa hiyo skripti zangu 11 nizirekebishe zote?

Mama_Seva
Anza na ile inayobeba mishahara.