Chui wa shaba wa kasri la Benin: wanyama hawa walikuwa na maana gani, na je, ninunue?

MpenziWaShaba aliuliza:

Salaam, ndugu zangu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya vyombo vya kale vya shaba, hasa mabirika na vinara, lakini sijawahi kugusa kazi za makasri ya Afrika Magharibi. Wiki iliyopita dalali mmoja wa mtandaoni alinitumia picha za chui wawili wa shaba, kila mmoja akiwa na urefu wa dhiraa moja hivi, ambao anasema walitoka katika kasri la mfalme wa Benin na ni wa karne ya 17. Mgongoni mwa kila chui ametua jogoo, na kinywani ameuma samaki. Maelezo ya dalali yanasema kwamba wanyama hao watatu wanaashiria nguvu, uzazi na baraka, maneno ambayo nimeyakuta vilevile katika tangazo lake la tembo wa mbao. Hapo ndipo shaka iliponiingia. Naomba wenye ujuzi wanifafanulie wanyama hawa walikuwa na maana gani hasa kwa watu wa kasri lile, na kama maana hizo zinaweza kumsaidia mnunuzi kutenganisha cha kweli na cha kughushi.

Kalibu alijibu:

Ndugu MpenziWaShaba, shaka yako ina msingi. Benin tunayoizungumzia ni ufalme wa Waedo, ambao mji wake, Benin City, uko katika Jimbo la Edo nchini Nigeria. Si Jamhuri ya Benin, iliyokuwa ikiitwa Dahomey hadi mwaka 1975. Katika ufalme huo wasubu shaba walikuwa chama maalumu chenye mtaa wao, Igun, na walifanya kazi kwa amri ya Oba, yaani mfalme. Kwa hiyo mnyama hakuwekwa kwenye shaba kwa sababu anapendeza. Aliwekwa ili aseme jambo kuhusu mamlaka, na jambo hilo lilijulikana na kila aliyeruhusiwa kuingia kasrini.

Chui, kwa mfano, hakuashiria nguvu tu, maana tembo na mamba nao wana nguvu. Waedo walimwita Oba chui wa nyumbani, mwenzake akiwa chui wa porini, kwa kuwa kila mmoja katika himaya yake ndiye mwenye haki ya kuua. Hukumu ya kumtoa mtu uhai ilikuwa ya Oba peke yake, na kasri lilifuga chui hai kuwakumbusha watu jambo hilo. Wakuu wa vita walivaa kiunoni vichwa vidogo vya chui vya shaba, na maana yake ilikuwa kwamba wametumwa kuua kwa idhini ya mwenye haki hiyo.

Kambale, ambaye naona ndiye samaki wa kwenye picha zako, ana habari nyingine kabisa. Ni samaki aishiye majini lakini anaweza kustahimili muda mrefu kwenye tope, na kwa sababu hiyo akawa alama ya Oba mtawala wa nchi kavu aliyeungana na Olokun, mwenye bahari na utajiri wote uletwao na maji. Katika baadhi ya mabamba ya shaba utamwona Oba ambaye miguu yake imegeuka kuwa kambale wawili waliojikunja, na simulizi za Waedo huihusisha picha hiyo na Oba Ohen, aliyepooza miguu na kuificha hali yake kwa watu. Chatu ni mjumbe wa Olokun, na wakati fulani chatu mkubwa wa shaba aliteremka kutoka kwenye mnara wa paa la kasri, kichwa kikielekea chini kwa waingiao.

Kisha yuko ndege, ambaye mimi nampenda kuliko wote. Mwanzoni mwa karne ya 16, Oba Esigie alipokuwa akienda vitani dhidi ya ufalme wa Idah, ndege wa ubashiri alilia juu ya jeshi kwamba litashindwa. Esigie akaamuru auawe, akasonga mbele, akashinda. Tangu hapo wakuu wa kasri hubeba fimbo za shaba zenye ndege huyo juu, na katika sherehe humgonga mdomoni kwa kijiti cha chuma. Ni ubashiri unaochapwa mbele ya watu.

Sasa turudi kwenye picha zako. Jogoo wa shaba mahali pake palikuwa madhabahu ya mama wa mfalme, Iyoba, cheo kilichoanza na Idia, mama yake Esigie. Kumpandisha jogoo juu ya mgongo wa chui ni kuchanganya madhabahu mbili. Na chui kumuuma kambale, kwa jinsi ninavyozisoma alama hizi, ni sawa na mfalme kujitafuna mwenyewe. Aliyetengeneza vitu hivyo alijua kwamba wanyama wa Benin wanauzika. Hakujua wanasema nini.

FundiWaNta alijibu:

Kalibu amemaliza upande wa maana; mimi nina machache ya ufundi. Shaba za Benin zilisubiwa kwa nta: fundi hutengeneza kiini cha udongo, hukifunika kwa nta, huchonga kila alama juu ya nta hiyo, kisha huifunika kwa udongo tena na kuichoma hadi nta itoke na kuacha nafasi ya kumiminia shaba. Kalibu hilo la udongo huvunjwa ili kitu kitoke, hivyo haliwezi kutumika mara ya pili. Kweli wapo chui waliotengenezwa kwa jozi, lakini ukiwatazama kwa makini hawafanani kama sarafu mbili. Katika picha ulizoweka, doa lililopinda chini ya sikio la kushoto limejirudia kwa chui wa pili kwa ukubwa uleule, na tumboni kuna mstari wa kiungo unaotoka kifuani hadi mkiani. Hilo ni kalibu la vipande viwili.

Tazama pia pua. Chui wa namna hii kasrini walikuwa mabirika ambayo Oba alinawia mikono katika ibada: kuna kifuniko chenye bawaba kichwani pa kutilia maji, na maji hutokea kwenye matundu ya pua. Je, wa kwako wana matundu?

Kuhusu kutu, niwaambie yaliyonipata. Niliwahi kuuziwa kengele iliyodaiwa kuwa ya zamani sana, ikiwa na ukijani mzuri kila penye mfereji. Nilipoifuta kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, ukijani wote ukahamia kwenye pamba, na chini yake shaba iking'aa kama ya juzi. Kutu iliyoshika kwa miaka mingi haiondoki kirahisi hivyo. Na usihangaishwe na jina la shaba: nyingi ya kazi hizi ni shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba shaba nyingi ilitokana na bangili za manila, zilizotumika kama fedha katika biashara, zilizoletwa na Wareno, ambazo madini yake yalichimbwa katika eneo la Rhineland nchini Ujerumani.

MpenziWaShaba aliandika:

Nimekuza picha. Pua zimeziba na kichwani hakuna kifuniko. Nilipomuuliza dalali kuhusu hati, alisema zilipotea kwa moto.

BintiMakumbusho alijibu:

Ndugu yangu, hata kama pua zingekuwa na matundu, bado ungekuwa na swali gumu zaidi. Mwezi Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuvamia mji wa Benin, likapora maelfu ya vitu vya kasri, na Oba Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar, alikofariki mwaka 1914. Ndiyo sababu kitu cha kweli cha kasri lile kikitokea sokoni, swali la kwanza si umri wake. Ni njia kilichopitia hadi kikamfikia muuzaji. Na sheria ya Nigeria inakataza kutoa mambo ya kale nchini bila kibali.

Mambo yamebadilika sana. Mwaka 2010 mnada wa kinyago cha pembe cha Idia uliotangazwa na kampuni ya minada ya Sotheby's huko London ulifutwa baada ya watu kulalamika. Mwaka 2014 daktari mmoja mstaafu kutoka Wales, ambaye babu yake alikuwa afisa katika uvamizi ule, alisafiri hadi Benin City na kuirudisha mwenyewe shaba ya ndege wa ubashiri, yule wa Esigie. Jesus College ya Cambridge ilimrudisha jogoo wake wa shaba mwezi Oktoba 2021. Alikuwa amekabidhiwa chuo hicho mwaka 1905 na mzazi wa mwanafunzi. Ujerumani ilifuata mwaka 2022, na Uholanzi ikarudisha vitu 119 mwaka 2025. Kwa mkusanyaji maana yake ni kwamba chui wa kughushi atakula fedha zako, na chui wa kweli asiye na hati huenda ukalazimika kumrudisha.

Kabla ya kununua chochote, pitia hifadhi ya mtandaoni ya Digital Benin, yenye picha na kumbukumbu za vitu zaidi ya 5,000 vilivyoko katika taasisi za nchi mbalimbali. Wazoeshe macho yako kwanza. Ukitaka kumiliki, mtaa wa Igun bado upo, na wasubu wake, ambao wengi wamerithi kazi hiyo kutoka kwa baba zao, huuza kazi zao kama kazi za leo, bila hadithi za moto.

MpenziWaShaba aliandika:

Ahsanteni sana. Nimemwandikia dalali nikimuuliza maji yanatokea wapi. Amejibu kwamba atanipunguzia bei kwa nusu, na kwamba matundu anaweza kuyatoboa.