Mjadala: Je, binti mwenye ualbino apewe nguvu za ajabu katika riwaya ya jini mahaba?

Ndugu wasomaji na waandishi,

Riwaya za jini mahaba, yaani jini anayempenda binadamu, zina wasomaji wengi, na siku hizi baadhi ya waandishi wamependekeza mhusika mkuu awe binti mwenye ualbino ambaye ngozi yake au damu yake ndiyo inayomvuta jini na kumpa uwezo wa kutenda miujiza. Wanaotetea wazo hilo wanasema kwamba aliyedharauliwa mtaani anastahili, walau kitabuni, kuwa mtu anayeogopwa hata na majini. Nia yao naielewa, lakini naipinga njia waliyoichagua.

Mauaji ya watu wenye ualbino na ukataji wa viungo vyao yaliyotokea Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, yalitokana na dai hilohilo, kwamba mwili wa mtu mwenye ualbino una nguvu isiyokuwamo katika miili ya wengine. Ilifika mahali ambapo Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku shughuli za wapiga ramli. Mwandishi anayesema kwamba damu ya binti huyu si ya kawaida anarudia maneno ya mganga, ingawa ameyapamba kwa mapenzi. Kibaya zaidi ni ule mwisho ambao binti anageuka kuwa nuru na kutoweka pamoja na mpenzi wake. Tumekua tukisikia kwamba “zeruzeru hafi, hupotea”, na kauli hiyo imewafanya watu wawaone binadamu wenzao kuwa mizuka.

Sisemi kwamba binti huyu anyimwe miujiza. Anaweza kurithi uganga wa bibi yake, akavaa pete ya ajabu, au akajifunza kumwita ruhani kwa ubani kama mhusika mwingine yeyote, mradi uwezo huo usitoke kwenye ngozi yake.

Nilisoma darasa moja na binti mwenye ualbino. Alikaa dawati la mbele kabisa, na bado alisubiri nimalize kunakili ndipo achukue daftari langu, alisogeze hadi karibu liguse pua, aandike. Akitaka kukuangalia vizuri aliinamisha kichwa upande mmoja, kwa sababu macho yake yalikuwa yakichezacheza. Walimu wengine walimwita mzembe, na hadi leo nikikumbuka naumia. Tatizo lilikuwa upungufu wa melanini (rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho), unaotokana na vinasaba vya wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe wana ngozi nyeusi kama yangu.

Humo ndimo ninamoona utajiri wa riwaya. Jini huja usiku, saa ambazo binti havai kofia wala hahofii kuungua. Kwa kuwa haoni sura ya mtu aliye mbali, atamtambua mpenzi wake kwa sauti na kwa harufu ya udi kabla hajamwona uso, na msomaji atalazimika kupenda kwa masikio na pua kama yeye. Asubuhi atapaka losheni ya kukinga jua, labda ile ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na chupa ikikaribia kuisha tutakuwa na wasiwasi wa kweli kuliko ule wa kupigana na subiani.

Kuna pia wanaotaka jini ambadilishe rangi mwishoni ili harusi ifane. Hao nawauliza: aliyependwa tangu ukurasa wa kwanza ni nani, kama siku ya ndoa lazima aletwe mwingine?

Jambo moja bado linanitatiza. Adui katika riwaya ya kweli atamwita binti huyu “zeruzeru”, maana ndivyo mitaani wanavyoitwa, na nikilifuta neno hilo ninaficha ukatili anaoishi nao, ilhali nikiliandika ninampa kijana mwingine tusi la kutumia. Ningeomba wenzetu wenye ualbino watangulie kulijibu hili: mngependa tuliandike au tuliache?