Kioo cha mlango wa GT86 kimevunjika chote: kukifunga na kukiseti

kupe_nyeupe

Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota GT86 ya 2014, kioo cha mlango wa kulia kimevunjwa. Kilichobaki ni kipande cha upana wa vidole viwili, kimeng'ang'ania kwenye mashine ya kioo huko chini. Mota inafanya kazi, ila mashine ikipanda na kushuka inasaga vibaya.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Kioo cha Subaru BRZ kinaingia? Mashine nayo ni ya kubadilisha? Na kwa kuwa mlango hauna fremu ya juu, kioo kinasetiwa vipi kisipige upepo wala kuvujisha maji? Nina soketi, bisibisi, vibanduzi vya plastiki vya paneli na tochi.

---

fundi_wa_vioo

Mkuu, kwanza usiiguse tena hiyo swichi. Huo msago ni punje za kioo zilizoingia kwenye reli na kwenye pulei za waya wa mashine. Ukiendelea kubonyeza, punje zinakula plastiki ya pulei, na mashine ambayo ingepona kwa kusafishwa utakuwa umeiua mwenyewe.

Kioo cha BRZ ya kizazi kile kile kinaingia. Yale magari ni mapacha, yote yalitoka kiwanda cha Subaru cha Gunma, Japani. Cha GR86 ya kizazi cha pili usikichukue kwa kukisia. Linganisha namba ya spea kwanza.

Kuhusu kazi yenyewe: zima gari, toa terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa waya wowote wa mlango. Ni kwa ajili ya mfumo wa eabegi. Magari mengi ya siku hizi yana sensa ya mgongano ndani ya mlango, na ukiwasha swichi ya gari huku plagi ya sensa hiyo imetolewa, taa ya eabegi inawaka na hitilafu inabaki kwenye kumbukumbu hadi ifutwe kwa mashine ya kusomea.

Kisha paneli. Tafuta skrubu zilizofichwa: chunguza nyuma ya kishikio cha kufungulia na ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, chini ya vifuniko vidogo. Ukishazitoa, anza kubandua kutoka kona ya chini, klipu moja moja, kibanduzi kikiwa karibu kabisa na klipu. Anayevuta katikati ya paneli ndiye anayevunja. Klipu zikishaachia zote, paneli hainyofolewi kuelekea kwako. Inainuliwa juu kwanza, kwa sababu ukingo wake wa juu umening'inia kwenye mdomo wa mlango. Nunua klipu tano sita za akiba kabla ya kuanza, za zamani lazima mbili tatu zikatike.

Nyuma ya paneli utakuta utando wa plastiki uliobandikwa kwa gundi nyeusi ya butili. Ipashe gundi kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha ikate taratibu kwa kisu huku unauvuta utando. Usiuchane. Nitaeleza sababu nikirudi.

Sasa punje. Hapa ndipo watu wengi wanaharakisha. Kioo cha mlango ni cha kukomazwa kwa joto, kikipasuka kinakuwa maelfu ya punje, na nyingi zimelala tumboni mwa mlango. Nyonya kwa mashine ya vumbi, gongagonga chuma cha mlango kwa kiganja, nyonya tena, rudia mpaka ukigonga usisikie mchakacho. Usipulize kwa upepo wa kompresa kabla ya kunyonya: utazituma punje kwenye matundu ya hewa ya dashibodi na machoni mwako. Vaa miwani na glavu. Chungulia pia matundu ya kutolea maji chini ya mlango; yakizibwa na punje, maji yanabaki ndani na kutu inaanzia hapo.

Mahali panaposahaulika ni raba mbili zinazokwangua kioo kwenye mdomo wa mlango, ya nje na ya ndani. Manyoya yake hukamata chembe ndogo sana. Usipozitoa, kioo kipya kitapata michirizi ya wima siku ya kwanza, na michirizi hiyo haipolishiki. Bandika tepu pana kwenye manyoya, ibandue, chukua nyingine, mpaka itoke safi.

---

fundi_wa_vioo

Naendelea. Kabla hujalegeza kile kipande kilichobaki, chora kwa kalamu ya wino usiofutika mahali bolti zilipokaa kwenye matundu yake, na mahali kila bolti ya reli ilipokaa. Matundu hayo ni marefu kwa makusudi, ndiyo nafasi ya kuseti. Alama hizo zitakupunguzia nusu ya kazi ya baadaye.

Ili bolti za kioo zionekane, mashine inatakiwa ishuke mpaka zikae mbele ya matundu ya kupitishia soketi. Hakikisha plagi zote za mlango zimerudi, rudisha betri, chomeka swichi ya kioo, shusha kidogo kidogo, kisha toa betri tena. Safisha reli kwa brashi na kitambaa, paka grisi nyeupe ya lithiamu kwenye reli za chuma pekee. Isiguse raba.

Mashine inabadilishwa kama waya umechanika nyuzi, pulei imepasuka au kishikio cha kioo kimepinda. Ikisafishwa na kuteleza bila kukwama, irudishe.

Kioo kipya kinaingia kutoka juu, kimeinama, ncha ya mbele ikitangulia, na ni kazi ya watu wawili. Kati ya chuma na kioo lazima pawe na plastiki zake: bushi ndani ya tundu na washa pande zote. Chuma kikigusa kioo, kitapasuka, kama si leo basi siku ya jua kali au mlango ukibamizwa. Bolti za aina hii ni ndogo, kwa kawaida hukazwa kati ya 5 na 8 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Thamani kamili ya gari lako iko kwenye kitabu cha ufundi. Kwa sasa zikaze zishike tu, bado kuna seti.

---

spea_kwanza

Niongeze kwenye kununua, hasa kama ni kioo cha mtumba. Soma chapa iliyoko kwenye kona. Kioo kilichothibitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kina herufi E kwenye duara, namba ya nchi, na maandishi 43R. Cha soko la Marekani kina AS2 kama kinapitisha mwanga wa kutosha, na AS3 kama ni cheusi kutoka kiwandani. AS1 ni cha mbele. Chapa ya kioo unachonunua ilingane na ya kioo cha mlango wa pili, ukiweza mpaka namba ya M, yaani ile inayofuata herufi M kwenye chapa, maana hiyo inaenda na unene na rangi. Vioo viwili vyenye ukijani tofauti vinaonekana mbali kwenye gari la kupe, la milango miwili kama hili.

Halafu pitisha kidole, ukiwa na glavu, kwenye ukingo wote. Kilichomeguka ukingoni, hata kama ni kama punje ya mchele, kiache. Kioo kilichokomazwa kina mkazo ndani yake. Uso umebanwa na kiini kinavutana. Ufa ukipenya ganda la nje kinasambaratika chote. Kwa sababu hiyo hiyo hakitobolewi wala hakikatwi, anayekuambia atakipunguza kidogo kwa jiwe la kunolea mkimbie.

---

kupe_nyeupe

Asanteni sana. Kioo cha BRZ nimekipata, ukingo ni mzima. Hapo kwenye seti ndipo giza. Na je, utando naweza kuubandika kwa silikoni?

---

fundi_wa_vioo

Silikoni hapana. Ile yenye harufu ya siki inakula chuma kilicho wazi, na siku ya kufungua tena utauchana utando vipande. Butili ya zamani ikipashwa inashika tena. Penye upungufu ongeza mkanda mpya wa butili.

Nilisema nitarudi kwenye utando. Kazi yake ya kwanza ni kurudisha maji yaliyopita kwenye raba ya nje yashuke matunduni badala ya kuingia kwenye zulia. Ya pili: baadhi ya magari yana sensa inayopima shinikizo la hewa ndani ya mlango wakati wa mgongano wa ubavuni. Mlango wenye utando uliochanika haujengi shinikizo kama ulivyobuniwa.

Seti sasa. Mlango wenye fremu unakielekeza kioo wenyewe. Huu wako hauna, kwa hiyo kioo kinasimama peke yake na kinatakiwa kilale kwenye raba ya paa na raba ya kioo kidogo cha nyuma kwa nguvu sawa kila mahali. Kufunga kioo ni sehemu ndogo ya kazi hii. Muda wako mwingi utaishia hapa, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mlango usifungwe hata mara moja kioo kikiwa juu kabla ya kuseti. Shusha kioo chote, funga mlango, kaa ndani, pandisha kidogo kidogo huku msaidizi akimulika kwa tochi kutoka nje. Kikielekea kugonga ukingo wa paa, simama.

Anza na mbele na nyuma. Ukingo wa nyuma wa kioo uende sambamba na raba ya kioo kidogo, nafasi ya juu ikifanana na ya chini. Kama juu pamebana na chini pana uwazi, kioo kimelala. Legeza bolti za kioo, inua upande mmoja, kaza. Kisha urefu: ukingo wa juu uingie kwenye mdomo wa raba milimita chache, bila kusukuma raba kuelekea paani. Urefu unadhibitiwa na stopa za juu au na nafasi ya bolti, inategemea gari.

Mwisho ni mwinamo wa ndani na nje, na hapa watu wanapotea kwa sababu unakwenda kinyume. Kioo kinaegemea mdomo wa mlango kama mhimili. Ukisukuma sehemu ya chini ya reli kwenda nje, ncha ya juu inaingia ndani na kubana raba zaidi; ukiivuta chini kwenda ndani, juu kunalegea. Sogeza milimita moja tu kwa mara moja, kwa kuwa sehemu ya kioo iliyoko juu ya mdomo ni ndefu na badiliko dogo chini linakuwa kubwa juu.

Kupima: kata ukanda wa karatasi wa sentimita tatu, uweke kati ya kioo na raba, funga mlango, uvute. Utoke kwa ukinzani bila kuchanika. Rudia kila sentimita 15 kuzunguka kioo chote. Unapoteleza bila kushikwa ndipo upepo utakapopigia filimbi. Unapochanika, raba imebanwa mno. Mlango utakuwa mgumu kufunga na raba itakatika. Ukitaka kuona kwa macho, paka chaki kwenye ukingo wa kioo, funga, fungua, uangalie mstari kwenye raba. Ukikatika mahali, hapo hakigusi.

---

waya_na_swichi

Kuna jambo la umeme msilisahau. Kwenye gari hili kioo kinashuka kama sentimita moja ukivuta kishikio, na kinapanda ukishafunga. Betri ikitolewa, moduli, yaani kompyuta ndogo inayoongoza kioo, inaweza kusahau mwisho wa juu ulipo, na hapo kushuka huko hakufanyiki. Ukifungua mlango kioo kinajing'oa kwenye raba, ukifunga kinagonga ukingo. Wengi wamevunja kioo kipya namna hiyo, jioni ya siku ile ile.

Kwa hiyo mpaka umalize, kabla ya kufungua au kufunga, shusha kioo kwa swichi. Kufundisha upya kwa kawaida ni hivi: swichi ya gari ikiwa imewashwa na mlango umefungwa, tumia swichi ya mlango huo huo, shusha mpaka mwisho, kisha pandisha mpaka juu na uendelee kushikilia sekunde kadhaa baada ya kioo kusimama. Kitabu cha mwenye gari kina utaratibu kamili. Jaribu kupanda kwa mguso mmoja. Kikikataa au kikarudi chini chenyewe, rudia. Kikiendelea kurudi chini hata baada ya kufundishwa, usilaumu umeme. Kioo kinakwama mahali, moduli inadhani imebana mkono. Rudi kwenye mwinamo.

Kila ukibadilisha urefu, fundisha upya.

---

kupe_nyeupe

Mwinamo kwenda kinyume ndio ulikuwa unanitesa. Karatasi sasa inashikwa kila mahali isipokuwa kona ya juu nyuma. Na tinti niweke lini?

---

fundi_wa_vioo

Kona hiyo peke yake kulegea, mkuu, mara nyingi ni bolti ya chini ya reli ya nyuma. Isukume nje milimita moja, usiiguse ya mbele. Kabla ya hapo kagua raba yenyewe kwa kidole. Kama imelala kwa uzee hapo konani, hakuna seti itakayoitibu, ni kubadilisha raba.

Ikikaa sawa kaza bolti zote kwa kipimo, kisha mwagia maji kwa mpira usio na presha, ukianzia chini ya kioo kwenda juu, msaidizi akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu utaona maji lakini hutajua yalikoingilia. Fanya hivyo kabla ya kurudisha paneli.

Tinti ni baada ya yote hayo, maana seti inataka kioo kipande na kushuka mara nyingi, na filamu mpya inataka siku kadhaa bila kushushwa. Mwambie anayeweka aache milimita mbili hivi ukingo wa juu bila filamu, la sivyo raba itaibandua taratibu kila mlango unapofunguliwa.