Mrejesho: Vifaranga vya bata kukwama ndani ya ganda

Niliuliza kwa nini vifaranga vya bata vinatoboa ganda kisha vinakwama. Tatizo kweli lilikuwa unyevu mdogo, asanteni sana. Safari hii, hapa Jinja, kugeuza mayai kwenye mashine ya kutotolesha kumekoma siku ya 25 (ya kuku ni siku ya 18), joto nyuzi 37.5 za Selsiasi, na beseni pana la maji ya vuguvugu likapandisha unyevu hadi asilimia 70. Utando wa ndani ya ganda umebaki laini, haukugandamana na manyoya.

Msifungue mashine ovyo, mvuke wote unatoka. Aliyetoboa mwacheni hata saa 24. Bado anafyonza kiini na damu, ukimbandua mapema anavuja damu. Umeme ukikatika, funikeni kwa blanketi, matundu ya hewa yabaki wazi.