Tunaandika, tunaigiza, tunafundisha, halafu tunalipwa NAULI!

Wakuu, habari za usiku. Hili jambo limenikaa kooni wiki nzima, leo nalitoa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari. Jioni naandika tamthilia, wikiendi naigiza. Mwaka jana watu wa mradi mmoja walinifuata wakitaka igizo kuhusu wasichana wanaopata mimba wakiwa shuleni. Nikaandika kurasa 62. Mazoezi tulifanyia chini ya mwembe kwa sababu ukumbi ulikodishwa kwa harusi. Nafasi ya baba nikaicheza mwenyewe. Malipo? Sh 10,000 kwa siku ya mazoezi, na kwenye karatasi ya kusaini imeandikwa "nauli". Nilipouliza hela ya uandishi nikajibiwa, "Lakini mwalimu, si una mshahara?"

Nikameza. Sasa Ijumaa nimepeleka wanafunzi kwenye tamasha. Nimesimama nyuma karibu na spika, nasikia mama jukwaani anamwambia mumewe: "Mlango haufungwi kwa mtoto aliyezaliwa ndani." Mwili ukanisisimka. Sentensi hiyo niliiandika na kuifuta usiku kucha kwenye daftari la hesabu la mwanangu! Igizo ni langu, jina wamebadilisha, na mshereheshaji anatangaza kwamba limeandikwa na "timu ya mradi". Wanafunzi wangu wawili waliocheza lile la kwanza wakageuka kunitazama. Sikuwa na la kuwaambia.

Kuna wanaosema hizi kazi tatu ni tamaa, mtu achague moja. Mtazameni Profesa Amandina Lihamba, mtunzi wa tamthilia, mwalimu na mwigizaji. Aliandika tamthilia ya Hawala ya Fedha (1980) akiijenga juu ya kazi ya mwandishi Sembène Ousmane wa Senegal, kisha Mkutano wa Pili wa Ndege (1992). Huku alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1996 yeye na Profesa Penina Mlama, mtunzi mwenzake, wakaanzisha mpango wa Tuseme, ili wasichana wa sekondari watumie maigizo kusema wenyewe yanayowakwamisha masomoni. Mpango ule ukavuka mpaka ukaenda nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo hawa wanaokuja leo na magari na fulana kutaka "igizo la uhamasishaji" wanatembea kwenye njia iliyofyekwa na watunzi wa tamthilia. Wanatuona wa kupewa nauli!

Na kuigiza je? Kwenye Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar, mwaka 2001, Lihamba ndiye Samehe, mgonjwa wa akili aliyenyamaza miaka mingi. Muangalieni anavyokaa kimya pale. Hana maneno ya kujificha nyuma yake, ana macho na mikono tu, na bado hutoi jicho kwake. Mimi nilijifunza hapo kufuta mistari. Kurasa zangu 62 zilianza zikiwa 90, na zilipungua kwa sababu nilisimama mwenyewe nikaicheza ile nafasi ya baba, nikagundua mengi hayasemeki. Darasani nikifundisha mgogoro, nafundisha kitu kilichonitoa jasho. Ukiniambia nilipwe kimoja, vingine ni "kujitolea", umeniibia vyote.

Halafu nendeni duka la vitabu mkaulize Mkutano wa Pili wa Ndege. Mjini kwetu nimezunguka maduka matatu. Muuzaji mmoja aliniuliza kama ni kitabu cha ufugaji. Hivyo ndivyo tunavyowatunza waliotutangulia, wakiwa hai!

Sheria ya hakimiliki tunayo, ile ya mwaka 1999, na kutajwa jina kwenye kazi yako ni haki yako, siyo fadhila ya mtu aliyelipia soda na spika. Kosa langu ni moja, nilikubali maneno ya mdomo kwa kuwa mada ilinigusa. Nina binti wa kidato cha pili.

Jana wamenipigia simu tena. Wanataka igizo jipya, la ukatili wa kijinsia, na wanalitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Nimewajibu: mkataba kwanza, jina langu kwenye bango, malipo ya mwandishi na ya mwigizaji kila moja kwa mstari wake, na lile la kwanza lirudishiwe jina lake. Wamesema watanipigia. Mwenye mkataba wa aina hiyo uliowahi kukubaliwa auweke hapa tuuone, nami andiko silitoi mpaka wasaini.