Kadi ya mkopo ya bei nafuu Marekani kwa mtu asiye na historia ya mikopo

Mgeni_Ohio
Wakuu, habari zenu. Nipo Columbus, mwezi wa saba sasa. Nafanya kazi ghalani kwa malipo ya saa, nina namba ya Social Security na akaunti ya benki, ila historia ya mikopo sina kabisa. Imeniijia barua kwamba nimekubaliwa kadi ya mkopo yenye kikomo cha dola 300. Ada ya mwaka wa kwanza ni dola 75, riba ni asilimia 35.99 kwa mwaka, na kuanzia mwaka wa pili ada ni dola 45 pamoja na dola 6.25 kila mwezi. Nataka kujenga alama za mkopo (namba inayoonyesha ulivyo mlipaji mzuri wa madeni) ili kupanga nyumba na kununua gari kusinisumbue baadaye. Nitaitumia kwa mafuta ya gari na bili ya simu, kama dola 100 kwa mwezi. Hii ni nafuu, au kuna njia bora?

Hesabu_Kwanza
Mkuu, usiichukue. Hiyo 75 inakatwa ndani ya kikomo siku ya kwanza, kwa hiyo unaanza na dola 225 za kutumia na deni la kitu ambacho hujanunua. Halafu angalia: 75 ni robo kamili ya 300. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inakataza ada za mwaka wa kwanza kuzidi asilimia 25 ya kikomo, nao wamefika hapo hapo kwenye mpaka. Mwaka wa pili mpaka huo haupo tena: 45 jumlisha 6.25 mara 12 ni dola 120, kwa kadi ya dola 300!

Kwa hali yako tafuta kadi ya dhamana. Unaweka amana, mara nyingi dola 200, na hiyo ndiyo inakuwa kikomo chako. Amana si ada. Inarudi ukifunga kadi bila deni, au benki ikikuhamishia kadi ya kawaida. Zipo zisizo na ada ya mwaka hata senti moja. Kwa mfano, Capital One Platinum Secured huomba amana ya dola 49, 99 au 200 kwa kikomo cha kuanzia cha dola 200, kutegemea wanavyokupima.

Kabla ya kutuma hela, hakikisha kadi inaripotiwa Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu; hizo ndizo kampuni zinazotunza ripoti za historia ya mikopo Marekani. Isiporipotiwa, utalipa vizuri mwaka mzima na alama hazitasogea. Pia anza na ukurasa wa kuangalia kama unakubalika, ambao haugusi alama. Ombi kamili ndilo linaloacha doa, na doa hilo hukaa kwenye ripoti miaka 2, kwa hiyo usitume maombi matano kwa wiki moja.

Binti_Tanga
Naongezea kwenye riba, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Ukilipa deni lote la kwenye taarifa ya mwezi kabla ya tarehe ya mwisho, manunuzi hayana riba, iwe asilimia 18 au 35.99. Taarifa lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo, unafuu wa kadi ni ada tu.

Ila kama unajua kuna miezi utabakiza deni, nenda kredit yunioni, ambazo ni kama SACCOS za nyumbani. Zile zilizosajiliwa na serikali ya shirikisho haziruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Deni la dola 600 kwa asilimia 35.99 linakula kama dola 18 kwa mwezi. Kwa asilimia 18 ni dola 9. Na ukibakiza deni unapoteza zile siku za bure: manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba siku ileile uliyonunua.

Mpambanaji_77
Mimi ningemshauri abakize deni kidogo kila mwezi, dola 10 hivi, ili waone anakopa na kulipa.

Binti_Tanga
Hapana, kaka. Huo uvumi unawagharimu watu riba ya bure. Kinachoripotiwa kwa kawaida ni salio la siku taarifa inapofungwa, hata ukilipa lote kesho yake.

Mgeni, hapo kuna jambo la kuangalia. Kikomo cha 200 ukitumia 100, umefikia asilimia 50, na salio kubwa likilinganishwa na kikomo hushusha alama. Lipa mara moja katikati ya mwezi ili siku ya kufunga salio liwe chini ya dola 60, yaani asilimia 30. Na mafuta usilipie kwenye pampu. Kituo kinaweza kushikilia hadi dola 175 kwa muda, hata ukijaza ya 30, na kadi ya dola 200 itakataliwa dukani hadi waachie. Ingia ndani umlipe keshia. Alama za FICO, zile wakopeshaji wengi wanazotumia, zitaanza kuonekana akaunti ikitimiza miezi 6.

Mzee_wa_Pwani
Jambo moja hamjaligusa: kutuma hela nyumbani. Ukiweka kadi ya mkopo kwenye programu ya kutuma pesa, kadi nyingi zinahesabu kwamba umetoa keshi. Ada mara nyingi ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa, na riba inaanza siku hiyohiyo, mara nyingi kubwa kuliko ya manunuzi. Tuma kwa akaunti ya benki au kadi ya debiti.

Mgeni_Ohio
Asanteni sana. Barua nimeichana, nachukua ya dhamana. Nikiweka malipo ya kujikata yenyewe, nichague kiasi gani?

Hesabu_Kwanza
Chagua salio lote la taarifa. Angalia vizuri, maana mara nyingi chaguo la kwanza ni kiwango cha chini, na hapo riba itaanza wakati wewe unaamini umelipa. Weka ikatwe siku 3 au 4 kabla ya tarehe ya mwisho, baada ya mshahara kuingia. Akaunti yako ya benki ikikosa hela, malipo yanarudi na unapigwa faini. Ukichelewa siku 30, inaandikwa kwenye ripoti na kukaa miaka 7.