Kanisa la Kardinali wetu

Jumatano, 20:40

Koku: Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoka kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, miguu imekwisha lakini moyo umejaa.

Mama Koku: Milele amina! Walikuruhusu na lile gauni?

Koku: Mama, kanga uliyonisisitizia ndiyo imeniokoa. Mlangoni wanaangalia mabega na magoti, dada mmoja mbele yangu karudishwa. Nikajitanda, nikapita.

Mjomba Deo: Kubani ulipanda?

Koku: Nimepanda, ngazi zote 551. Kule juu ukuta unapinda na kuba, unapanda umelalia ubavu. Ila Mjomba, kilichonishika ni ile sanamu ya Pietà. Michelangelo aliimaliza akiwa na miaka 24, na Bikira Maria kampakata mwanawe kama mama yeyote aliyefiwa. Iko nyuma ya kioo tangu mtu aipige nyundo 1972. Nimesimama pale mpaka wenzangu wakaniacha.

Baba Mdogo: Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu humo humo, 18 Oktoba 1964, na Paulo VI.

Koku: Laiti ungeniambia jana, Baba Mdogo. Ningewaombea wote wa humu.

Dada Anna: Babu yuko hapa, ananiambia niandike. Anauliza kwa Kardinali Rugambwa umeshafika?

Koku: Shikamoo Babu. Si amelala hapo Bukoba, kanisa kuu?

Dada Anna: Marahaba. Anasema ndiyo, amelala Bukoba. Lakini kila kardinali wa namna yake hupewa kanisa Roma, na lake lilikuwa San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere. Yohane XXIII alimpa ukardinali 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi. Anasema usirudi bila kufika.

Mama Koku: Basi umeshatumwa.

Alhamisi, 18:55

Koku: Nimefika, Babu. Kwa nje ungelipita bila kugeuka, uso wake mweupe, hauna makuu. Ripa ni ukingo wa mto, zamani bandari ya Tiber ilikuwa karibu. Mtakatifu Fransisko alifikia hapo alipokuja Roma, na wanatunza jiwe wanalosema alilalia kichwa.

Mjomba Deo: Ndani je?

Koku: Kikanisa cha mwisho kushoto kuna sanamu ya marumaru ya Mwenye Heri Ludovica Albertoni, mjane aliyegawia maskini mali yake. Analala kitandani akikata roho, mkono kifuani, na mwanga unamshukia kutoka dirisha lililofichwa pembeni. Ni kazi ya Bernini, yule yule wa nguzo 284 za uwanja wa Mtakatifu Petro. Alikuwa ameshapita miaka 70. Kule Vatikani nilitazama juu siku nzima, hapa nilipiga magoti. Mimi kwangu hili limezidi, na tulikuwa watu wanne tu.

Mama Koku: Mungu akubariki mwanangu.

Dada Anna: Babu anauliza, uliwaambia umetoka wapi?

Koku: Kulikuwa na mzee anazima taa ili afunge. Kiitaliano sina, nikamwambia tu "Rugambwa, Bukoba", nikajigusa kifua. Akanitazama, akarudi ukutani akawasha zote tena, akaketi benchi la nyuma akaningoja.

Dada Anna: Babu amevua miwani. Anasema nisome tena hapo pa taa.